Mtoto Mchanga Hujijua kwa Kuitikiwa: Mhadhara kwa Walezi wa Watoto, Kisumu

Ndugu walezi, akina mama na akina baba,

Mtoto hujifunza kidogo kidogo kwamba yeye ni nani, kwa namna anavyoitikiwa na wanaomlea, na saa ya kuitikiwa kwa wingi ni saa ya kucheza. Kwa hiyo mchezo katika vituo vyetu vya kulea watoto mitaani Nyalenda, Obunga na Manyatta si njia ya kumnyamazisha mtoto tu wakati mama yake yuko sokoni Kibuye.

Mwaka wa 1972 mwanasaikolojia Beulah Amsterdam alichapisha utafiti ambamo watoto walipakwa doa puani na kuwekwa mbele ya kioo. Wengi waliokaribia umri wa miaka miwili waligusa pua zao wenyewe, ishara kwamba walijua aliye kiooni ni wao, na kioo kikawa kipimo cha kujitambua. Lakini mwaka wa 2011 mtafiti Tanya Broesch na wenzake walichapisha jaribio kama hilo walilowafanyia watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka sita, na ni wawili tu waliofaulu; wengi walisimama kimya wakikodolea kioo. Sikubali kamwe kwamba watoto hao hawakujijua. Mtoto wa miaka mitano anayeitika jina lake na kujua kwa nyanyake anajijua barabara, ila kipimo hakikumfaa.

Tuanze basi na jina. Kufikia miezi mitano hivi, mtoto huanza kutambua sauti ya jina lake, nasi vituoni tunamwita “mtoto” mchana kutwa! Keti sakafuni, ujifunike uso kwa leso, uulize, “Akinyi yuko wapi?”, ufunue, useme, “Akinyi ndiye huyu!” Kama nyumbani wanasema Dholuo au Kiluhya, mchezo uwe wa lugha hiyo. Kisha ngoja. Asijifunike leso tena mlezi kabla ya mtoto kurusha miguu au kucheka, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba kicheko chake kimeleta jambo, na kwamba kuna “mimi” anayeweza kulileta.

Kungoja huko kunahitaji muda, na mlezi aliyeachiwa watoto wengi peke yake hana muda huo, hata awe na moyo mwema namna gani. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la vituo vya kulea watoto. Naiomba kaunti yetu iweke kikomo cha watoto kwa kila mlezi, na iyagharimie mafunzo yenu.