Koti la Karume na Pamba ya Marekani

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuna mambo matatu kuhusu Marekani: jeshi lake, biashara yake, na fedha za afya. Mwishoni tutatoa mafunzo matatu, kama tulivyoahidi.

KASSIM: Kabla ya hayo, dada, waeleze habari ya koti.

REHEMA: Koti tena!

KASSIM: Ulinipigia simu Jumamosi saa nne usiku kwa ajili ya koti. Waeleze.

REHEMA: Haya. Mwanangu amepangiwa kidato cha tano Njombe, na baridi ya Njombe mwezi wa saba wote mnaijua. Nikaenda Karume, soko la mitumba. Nimefika belo ndiyo linafunguliwa, kila mtu kazamisha mikono. Nikavuta koti zito, zipu nzima, bitana safi kabisa. Kutazama kifuani, kitambaa kimeshonwa: U.S. ARMY. Upande wa pili palipokuwa na jina la mtu pamefumuliwa, yamebaki matundu ya sindano tu. Muuzaji akanambia, "Mama, hilo gredi A, lakini mtoto usimvalishe, atavuliwa njiani."

KASSIM: Na amekuambia kweli. Jeshi letu, JWTZ, walitangaza Agosti 2023, mwenye sare au nguo inayofanana na ya jeshi aisalimishe ndani ya siku saba.

REHEMA: Nikaliacha. Ila usiku sikulala vizuri. Askari wao kalivaa, kalichoka, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari, likaja kuuzwa Ilala. Halafu sisi tuliposema nguo hizi zipungue, tukatishiwa. Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019. Mwaka mmodi baadaye, chama cha wafanyabiashara wa mitumba kule Marekani, kinaitwa SMART, kikapeleka malalamiko serikalini kwao. Kikadai ajira za Wamarekani mpaka 40,000 ziko hatarini. Serikali yao ikasema itaangalia upya kama bado tunastahili AGOA.

KASSIM: AGOA ile ya mwaka 2000, ya kuuza Marekani bila ushuru.

REHEMA: Ndiyo hiyo. Kenya ikarudi nyuma kwanza, sisi na Uganda tukafuata. Rwanda peke yake ikakaza. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ikakataa kuushusha. Julai 2018 Trump akaisimamishia nafuu ya nguo. Hebu niambie, nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani inaiadhibu Rwanda kwa sababu imekataa fulana zilizochakaa?

KASSIM: Ni ubabe, sibishi. Ila nguo ambazo Rwanda ilikuwa inauza kule kwa njia ya AGOA zilikuwa za dola milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Kenya ilikuwa inauza za zaidi ya dola milioni 300, na maelfu ya kina mama wanashona viwandani Athi River. Ujasiri wa Kigali ulikuwa na bei nafuu.

REHEMA: Kwa hiyo mwenye cha kupoteza ainame?

KASSIM: Mwenye cha kupoteza ahesabu kwanza. Na yule muuzaji wako wa Karume? Soko lilimuungulia Januari 2022, akaanza upya kwa mkopo, leo anasomesha. Marufuku ile ingemuondoa yeye kabla haijamgusa tajiri yeyote. Safari ile tishio la Marekani na maslahi ya machinga vilikuwa upande mmoja. Hainifurahishi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

REHEMA: Kassim, yule anauza mitumba kwa sababu hana kiwanda cha kwenda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa 1968 pale Ubungo. Kulikuwa na Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Watoto wa wale wafanyakazi ndio hawa wanaofungua belo.

KASSIM: Na Urafiki ilikuwa hoi kabla AGOA haijatiwa saini. Mashine kuukuu, umeme wa kubahatisha, uongozi mbovu. Hayo hayakuja na meli kutoka Marekani.

REHEMA: Masharti ya kufungua milango kwa bidhaa za nje yalikuja na mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa 1986. Na IMF maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, Marekani peke yake inashika zaidi ya 16. Isipotaka, halipiti.

KASSIM: Saini ilikuwa yetu.

REHEMA: Saini ya mtu aliyeishiwa mafuta na sukari! Turudi kwenye pamba, maana koti lile lina pamba ndani. Brazil iliishitaki Marekani WTO, Shirika la Biashara Duniani kule Geneva, kwa kuwapa ruzuku wakulima wake wa pamba, ikashinda. Unajua Marekani ilifanya nini? Mwaka 2010 ilikubali kuilipa Brazil dola milioni 147 kwa mwaka, ruzuku ikaendelea. 2014 ikaongeza milioni 300 kesi ifungwe. Benin, Mali, Burkina Faso na Chad walilia juu ya ruzuku hiyohiyo, hawakupata malipo kama yale. Mkulima wa Bariadi aliambulia nini?

KASSIM: Aliambulia kucheleweshewa malipo yake hapahapa nchini. Brazil ilishitaki kwa sababu ilikuwa na wanasheria na takwimu. Sisi tulipeleka nini Geneva?

REHEMA: Kwa hiyo anayeonewa ndiye mwenye kosa?

KASSIM: Sijasema hivyo, na usinilishe maneno. Nasema kila tukiitaja Marekani, viongozi wetu wanapumua. Mimi sitaki wapumue.

REHEMA: Na mimi kila tukiwataja viongozi wetu, Marekani inatoka mlangoni bila kuulizwa kitu. Hapo sikubaliani na wewe.

KASSIM: Wala mimi sikubaliani na wewe.

REHEMA: Basi.

KASSIM: Fundi mitambo ananyoosha vidole. Dakika nne. Jeshi hatujaligusa.

REHEMA: Niligusie moja tu. Agosti 7, 1998, balozi zao zililipuliwa hapa Dar na Nairobi. Nairobi walikufa watu 213, hapa 11, na wengi mno walikuwa watu wetu. Siku kumi na tatu baadaye Marekani ikarusha makombora Khartoum, Sudan, ikabomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa. Ikadai kinatengeneza silaha za kemikali. Ushahidi wa kuridhisha haukutolewa, na radhi haikuombwa.

KASSIM: Na Sudan ilipolipa fidia ya milipuko ile, dola milioni 335, Mmarekani aliyekuwa ndani ya ubalozi alitengewa kiasi kikubwa kuliko Mkenya au Mtanzania aliyefanya kazi jengo hilohilo. Hapo siwezi kuwalaumu viongozi wetu.

REHEMA: Ahsante kwa hilo.

KASSIM: Ila la pamba sijaliacha.

REHEMA: Najua. Afya na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kufadhili dawa za UKIMWI, zinasubiri wiki ijayo, na mafunzo matatu hayatapatikana leo. Kama una ndugu anayetumia dawa na kliniki yake ilitetereka fedha zilipositishwa Januari 2025, tutumie ujumbe wa sauti. Jina lako hatutalitaja.

KASSIM: Na mlioshona Athi River, nanyi semeni. Studio inatakiwa.