Mlio wa baiskeli ya baba

DADA: Haya wasikilizaji wetu karibuni tena, tupo Dodoma, upepo leo umebeba vumbi lote la Nkuhungu kwahiyo mkisikia dirisha linagonga mtusamehe. Kaka, leo ni zamu yako kusimulia ya nyumbani kwenu.

KAKA: Leo zamu yangu dada. Baba yangu ni mlevi. Sio wa sikukuu, wa kila siku. Alianza na viroba, zile pombe kali za vipakiti, 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba mama alishangilia kabisa, akajua yameisha, kumbe mzee akahamia kwenye choya. Ile pombe ya zabibu ya bei chee, na sisi tunakaa Mpunguzi huko, zabibu ndo zetu.

DADA: Na wewe hapo una miaka mingapi?

KAKA: 16, kidato cha tatu. Sasa niwaambie kitu. Jioni nasoma lakini sikio moja lipo barabarani. Akirudi ameipanda baiskeli, sawa, tutakula. Akirudi anaikokota unasikia ile tik tik tik ya gurudumu la nyuma, basi hapo mama anaficha sufuria la mboga, mdogo wangu anaenda kulala bila kuambiwa, mimi nafunga daftari. Kesho darasani nasinzia, mwalimu ananiita mvivu mbele za watu.

DADA: Jamani. Na hukumwambia?

KAKA: Nimwambie nini, aibu. Halafu nilishajiwekea akilini kwamba mtihani wa kidato cha nne nikipata divisheni wani baba ataacha. Nikapata divisheni tuu. Nikajilaumu mimi dada, yani mtoto unaona pombe ya mzazi ni kosa lako.

DADA: Hilo watoto wengi wanalo, nakuapia. Ila kwa hiyo divisheni tuu si ulipangiwa kidato cha tano?

KAKA: Nilipangiwa, mkoa wa mbali, bweni. Nilitaka udaktari wa mifugo, nifike SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, mi nimekua na mbuzi. Ada ya sekondari ilishafutwa toka 2016 lakini hiyo iliishia kidato cha nne, ya kidato cha tano na sita ilikuja kufutwa 2022, kwahiyo mimi nilikuwa na ada, godoro, tranka, nauli. Mama akauza mbuzi wawili, hela akaifukia kwenye debe la mtama. Mzee akaiona. Siku tatu hakurudi.

DADA: Ndo shule ikaishia hapo.

KAKA: Watu wote wanajua hivyo, na mimi nimewaacha wajue hivyo. Ukweli ni kwamba hata ile hela ingekuwepo nisingeenda. Ningelalaje bweni usiku, nani anasikiliza baiskeli? Nikabaki, nikaendesha bajaji ya mtu mpaka leo.

DADA: Umenichoma. Maana sisi tunasema mtoto kakata tamaa, kumbe yupo lindo.

KAKA: Lindo kabisa. Halafu kuna hili nalo, wanaosikiliza naombeni mlishike, mwaka juzi tulimfungia ndani aache kwa nguvu, siku ya pili akapigwa degedege, anatetemeka anaona vitu havipo. Daktari akatugombeza, mtu anayekunywa kila siku miaka yote hiyo ukimkatisha ghafla anaweza kufa, anaachishwa kwa dawa akiwa anaangaliwa.

DADA: Na sisi hospitali ya Mirembe tunayo hapa hapa mjini, watu wanaiogopa wanasema ni ya vichaa tu, hapana, walevi wanatibiwa pale. Na wewe mtoto unayesikiliza kwa simu ya mama, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mzee sasa hivi yukoje?

KAKA: Anaacha miezi mitatu, anarudi. Ila nimechukua fomu ya chuo cha mifugo, Mpwapwa. Nina miaka 24 sasa.

DADA: We! Mama kajua?

KAKA: Yeye ndo kanituma nikachukue. Kaniambia nenda, barabara nitaisikiliza mwenyewe.