Dozi Haibadiliki, Lakini Chembe Sahani Zihesabiwe

Wauguzi wenzangu, madaktari, na nyinyi ndugu mliosindikiza wagonjwa, karibuni.

Twende kwanza kwenye kiti cha kusafishia damu. Masaa manne yametimia, muuguzi anachomoa sindano kwenye fistula, ule mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, na kukandamiza kitambaa cha gozi kwa vidole viwili. Siku zote dakika kumi zinatosha. Leo nusu saa imepita, gozi bado linalowa. Mgonjwa anapandisha suruali: miundini kuna vidoadoa vyekundu, ungedhani ameumwa na viroboto. Unavibonyeza, havififii.

Tutaishuku heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, na si kosa. Hiyo kwa baadhi ya watu huangusha chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu waianze. Tatizo letu ni kuishia hapo. Mgonjwa huyu ana kidonda chenye bakteria sugu, na wiki ya pili sasa anameza linezolidi, dawa ya kuua bakteria hao.

Linezolidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2000. Tunaipenda kwa sababu kikaratasi chake kinasema mwenye figo mbovu asipunguziwe dozi: miligramu 600 kila baada ya saa 12. Sisi tukisoma hivyo tunasikia “haina neno”. Kumbe kama asilimia 30 ya dawa hutoka na mkojo ikiwa nzima, na mabaki ya ile inayovunjwa mwilini hupita njia hiyohiyo. Figo zikilala, mabaki hurundikana. Na ni wagonjwa hawa hasa ambao chembe sahani zao huporomoka.

Hesabu ya kawaida ya chembe sahani ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita ya damu. Ila mgonjwa wa figo ana la ziada: taka zilizobaki damuni huzifanya hata chembe alizonazo ziwe goigoi. Elfu 80 zake si elfu 80 zako.

Basi hesabu chembe za damu kabla ya kuanza dawa, halafu kila wiki. Siku ya mashine, dozi itolewe baada ya kusafishwa, maana kikao cha masaa matatu huondoa karibu theluthi yake. Hesabu ikiporomoka, mwone daktari siku hiyohiyo mjadili dawa mbadala. Linezolidi ikisimamishwa, chembe kwa kawaida huanza kurudi.

Na wewe mama uliyekuja na mwanao: usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, hicho kidonda nacho kinaua. Ukiona kidoadoa, mlete tukione.