Headhunters: Mfanyabiashara wa Oslo na Maiti Zisizo Zake

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Deo, na leo tunakwenda Norway. Natangulia kuwaambia: filamu hii tutaisimulia mpaka mwisho. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa uhondo, simamisha hapa, kaitazame kwanza, halafu urudi.

DEO: Inaitwa Headhunters. Ilitoka mwaka 2011, mwongozaji ni Morten Tyldum, na imetokana na riwaya ya Jo Nesbø ya mwaka 2008. Mliofuatilia tamthilia ya Game of Thrones mtamkuta Nikolaj Coster-Waldau, yule Jaime Lannister. Humu ndiye adui, na anatisha.

ZUHURA: Lakini tuanze na steringi. Roger Brown, anayechezwa na Aksel Hennie. Kazi yake ni kuyatafutia makampuni makubwa wakurugenzi. Na jambo la kwanza anakwambia kuhusu yeye mwenyewe ni urefu wake: mita 1.68. Kila kitu chake kinaanzia hapo. Mke wake, Diana, kampita kimo, mrembo, ana jumba la sanaa, na Roger ameshajiaminisha kwamba siku hela zikikata, mke naye anaondoka.

DEO: Ndiyo maana ya lile jumba la kifahari. Mshahara haulifikii, kwa hiyo anaiba michoro ya thamani. Wanaokuja kwake kwa usaili anawapeleleza taratibu, utadhani ni mazungumzo tu: unapenda sanaa? Una mbwa? Mkeo anafanya kazi? Mwenzake Ove yuko kampuni ya ulinzi, anazima alamu, Roger anaingia, anatoa mchoro halisi, anaweka nakala. Kwa hiyo dada, tukubaliane mapema, huyu si mtu safi.

ZUHURA: Si safi hata kidogo. Ni mwizi, na nyumbani si mwaminifu. Na hapo ndipo filamu ilinishika. Kumhurumia mtu mwema aliyesingiziwa ni rahisi. Hapa unaambiwa umhurumie mwizi kwa makosa ambayo hakuyafanya.

DEO: Anatokea Clas Greve, mkurugenzi mstaafu wa kampuni ya vifaa vya kufuatilia watu, mwanajeshi wa zamani, na nyumbani kwake kuna mchoro wa Rubens, yule mchoraji maarufu wa kale. Roger anakwenda kuuiba. Yuko ndani ya nyumba ya watu, mchoro ameshaupata, anampigia mke wake simu. Halafu anasikia simu inaita chumbani. Kando ya kitanda cha Greve.

ZUHURA: Pale niliirudisha nyuma mara mbili. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna anayepiga kelele. Uso tu.

DEO: Kuanzia hapo ni mbio, Greve anamwinda Roger. Ove anakutwa garini kama maiti, ingawa bado yu hai; sindano ya sumu ilitegwa kwenye kiti alichotarajiwa kukalia Roger. Roger anajificha ndani ya choo cha shimo, na nikisema ndani namaanisha ndani kabisa. Mzee wa shamba anauawa na Greve. Roger anaamkia hospitali, polisi wanasimama pembeni ya kitanda. Wanamwita Ove, na wanamkamata kwa mauaji ya yule mzee.

ZUHURA: Jina si lake, kosa si lake. Nilijiuliza, kwa nini hapigi kelele kwamba "mimi si Ove"? Kwa sababu akisema yeye ni nani, itabidi aeleze Ove yuko wapi, na Ove kafa kwa risasi ya Roger walipofyatuliana. Ukweli utamtoa kwenye kesi moja umwingize kwenye nyingine. Kwa hiyo ananyamaza, wanampakia garini, kabanwa katikati ya askari wawili wanene.

DEO: Na miili yao ndiyo inayomwokoa Greve anapolisukuma gari bondeni.

ZUHURA: Askari wale wanakufa, Deo. Watu wengi wanaikumbuka sehemu ile kwa kuchekesha. Mimi niliona watu waliokuwa kazini wakifa kwa ajili ya ugomvi usiowahusu.

DEO: Haya, mwisho. Greve anauawa, Roger anapanga mambo ionekane Ove na Greve wameuana kwa sababu ya mchoro. Halafu mpelelezi mkuu, Brede Sperre, anatokea kwenye televisheni na kuisimulia hadithi hiyo kwa kujiamini kabisa. Kuna vitu havikai sawa, na anavipita.

ZUHURA: Kwa sababu hadithi imekaa vizuri, na yeye anaonekana shujaa. Hilo ndilo lililonifanya nitake tuizungumze leo. Roger anapona kwa sababu polisi anataka kesi ifungwe. Kwenye filamu hilo linamwokoa mtu. Norway hiyohiyo kuna mtu wa kweli ambaye jambo hilohilo lilimfunga. Fritz Moen.

DEO: Wasimulie.

ZUHURA: Moen alikuwa kiziwi, kusema kwake kulikuwa kwa shida, na mkono mmoja ulikuwa umepooza. Mji ni Trondheim. Wasichana wawili waliuawa, mmoja 1976, mwingine 1977. Yeye akahojiwa, akahojiwa tena, na mwishowe kukawa na maungamo. Alihukumiwa mwaka 1978 kwa mauaji ya kwanza kufikishwa mahakamani, na 1981 kwa yale mengine. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka 18.

DEO: Na mkono uliopooza wote walikuwa wanauona.

ZUHURA: Walikuwa wanauona! Mwaka 2004 akafutiwa hatia ya mauaji mamoja. Machi 2005 akafariki. Desemba mwaka huohuo, mwanamume mwingine aliyekuwa mahututi akakiri kwamba wasichana wote wawili aliwaua yeye. Hukumu iliyobaki ilifutwa 2006. Moen alikuwa kaburini.

DEO: Miezi michache tu, dada.

ZUHURA: Mimi nilikaa kimya nilipofika hapo. Kiziwi ndani ya chumba cha mahojiano, anaulizwa juu ya usiku wa miaka iliyopita, na kila anachoeleza kinapitia mikononi na midomoni mwa mtu mwingine kabla hakijaandikwa. Akikosea, anaulizwa tena. Akipatia wanachokitaka, kinaandikwa.

DEO: Huku kwetu tunasema kabambikiwa kesi, na tunamfikiria askari mbaya mwenye kinyongo. Hapa huenda kila mmoja aliamini anafanya kazi yake.

ZUHURA: Ndiyo. Mwaka 2007 tume ya uchunguzi ilitoa ripoti, ikawakosoa polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Na 2004, mwaka uleule alipofutiwa hatia ya yale mauaji mamoja, Norway ilianzisha tume huru ya kuzipitia upya kesi zilizokwisha hukumiwa.

DEO: Nikiirudia filamu, nitamtazama Sperre tu. Pale kwenye televisheni, anapoulizwa kama ana uhakika.

ZUHURA: Tazama anavyovuta pumzi kabla hajajibu.