Batman Angepitia Kwanza Jikoni kwa Martha

Mwenyekiti, ahsante. Na ninyi mliobaki vitini mpaka saa hizi, ahsanteni zaidi.

Nianze kwa kukiri jambo. Filamu ninayokuja kuilalamikia leo nimeitazama mara nyingi kuliko nyingi ninazozipenda. Picha mbaya kabisa haimsumbui mtu. Unatoka ukumbini umeshaisahau. Inayonyima usingizi ni ile iliyokuwa na kila kitu mkononi, kisha ikakiangusha yenyewe. "Batman v Superman: Dawn of Justice" ilitoka Machi 2016, mwongozaji wake akiwa Zack Snyder. Sisi tuliobishana tangu utotoni nani angempiga nani tuliingia kama watu wanaokwenda kusikiliza hukumu.

Wikiendi ya kwanza, Marekani peke yake, ilikusanya kama dola milioni 166. Wikiendi ya pili mapato hayo yakaporomoka kwa karibu asilimia 69. Dunia nzima iliishia kwenye dola milioni 874 hivi, na hizo si fedha za kudharau. Lakini ule mporomoko unasema kitu. Watu walikwenda, wakarudi nyumbani, wakawaambia wenzao.

Waliwaambia nini? Kwamba ina giza, kwamba ni ndefu, kwamba hakuna anayecheka humo ndani. Hapo mimi ninaachana na wengi. Giza si kosa. Tumetazama hadithi za giza totoro na tukatoka tumeshiba. Kosa la filamu hii ni ugomvi wenyewe, na hilo ndilo nitakalokaa nalo leo.

Kwanza niisifu, maana inastahili. Tazameni dakika za mwanzo. Tunarudishwa Metropolis, mji wa Superman, siku ile ile ya mwisho wa "Man of Steel" ya 2013, Superman na adui yake Jenerali Zod wakitwangana na kuangusha maghorofa. Safari hii kamera haiko juu nao. Iko barabarani, pamoja na Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman bila kinyago, anayeendesha gari kama kichaa kuelekea jengo la kampuni yake, akimpigia simu mtu aliye ndani awatoe wafanyakazi. Jengo linashuka mbele ya macho yake. Watu wote wanakimbia kutoka kwenye vumbi, yeye analiingia. Anamkuta mfanyakazi wake miguu imebanwa na chuma. Anamdaka mtoto wa kike kabla vifusi havijamwangukia, anamuuliza mama yuko wapi, na mtoto ananyoosha kidole juu, kule ambako jengo lilikuwa limesimama. Ndipo Bruce anapoinua macho angani.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sote tunaijua methali hii, ila ni mara chache sana hadithi za mashujaa hutulaza chini pamoja na nyasi zenyewe. Baada ya tukio lile mngeweza kunishawishi nimchukie Superman. Mimi! Niliyekuwa nikijifunga taulo shingoni!

Basi hoja ya Bruce tumeipata, na ni hoja nzito: huyu kiumbe akiamka siku moja amebadilika, nani atamzuia? Hadithi inaruka miezi kumi na minane. Sasa tungoje hoja ya upande wa pili, tuwasikie wawili hawa wakikabiliana. Na hapo ndipo maji yanapoanza kukauka kisimani. Kabla ya pambano wanakutana mara mbili tu: mara moja kwenye tafrija ya Lex Luthor, yule tajiri mbaya wa hadithi, wakirushiana maneno machache ya kejeli, na mara nyingine Superman anapolisimamisha gari la Batman na kumwonya aache kazi yake. Basi. Filamu ya dakika 151 yenye majina yao wote wawili juu ya bango, na hakuna hata kikao kimoja cha maana kati yao.

Mbaya zaidi ni lile tukio la bungeni. Seneta Finch, anayeigizwa na Holly Hunter, amemwita Superman aje ajieleze. Superman anakuja. Anasimama. Taifa zima linatazama. Na kabla hajafungua mdomo, bomu lililofichwa kwenye kiti cha magurudumu cha yule mfanyakazi aliyepoteza miguu linalipuka. Kama mshtuko, nakubali, unafanya kazi. Kama hadithi, ni kesi iliyofungwa kabla mshtakiwa hajajitetea. Mpeni dakika tatu kwanza. Aseme kitu ambacho nusu ya ukumbi itakipigia makofi na nusu itakizomea. Aseme, kwa mfano, kwamba hawezi kuomba kibali kila anaposikia mtu analia. Kisha mlipueni bomu, kama ni lazima. Tungebaki na sauti yake masikioni huku moto ukiwaka.

Ninapokaa na vijana wanaoandika miswada huwa nina kipimo kimoja kidogo. Nawauliza: je, kuna sentensi moja ambayo mmoja wa hawa wagomvi akiitamka, ugomvi unakwisha? Kama ipo, basi huo si ugomvi, ni kutoelewana kwa simu mbovu. Sasa lipimeni pambano hili. Luthor amemteka mama yake Superman na kumwamuru alete kichwa cha Batman. Superman anakwenda Gotham, mji wa Batman, akiwa na nia ya kuomba msaada. Anajua kabisa kwamba mtu aliye ndani ya lile vazi la chuma ni Bruce. Anamwita kwa jina. Sentensi anayohitaji ni hii: "Luthor amemteka mama yangu." Maneno manne! Mtu anayeruka kasi kuliko risasi anashindwa kutamka maneno manne. Badala yake anakanyaga mtego, anakasirika, anamsukuma mwenzake, na tunapelekwa kwenye masumbwi.

Kisha linakuja lile jina. Mnacheka tayari. Superman yuko chini, mkuki wa kriptonaiti, jiwe linalomdhoofisha, uko tayari kumchoma, na anasema kwamba Martha atauawa. Bruce anashikwa na wazimu, kwa sababu mama yake mwenyewe, aliyeuawa Bruce akiwa mtoto anatazama, aliitwa Martha pia. Lois Lane, mpenzi wa Superman, anaingia mbio, anaeleza kwamba ni jina la mama yake huyu, na mkuki unatupwa. Sekunde chache baadaye maadui wa kufa ni marafiki wa kuzikana. Ukumbi niliokaa mimi watu waliangua kicheko. Na ni kweli, mtoto gani aliye hoi humwita mama yake kwa jina? Angesema "mama", na hadithi nzima ingekwama.

Hata hivyo, wanaolicheka wazo lile hawalitendei haki. Wazo ni zuri mno. Majina ya mama hawa wawili yamefanana kwenye katuni kwa miongo mingi, na mtu fulani aliketi akaona kwamba humo kuna mlango: Batman amemwona Superman kama kitu, kama silaha iliyoanguka kutoka angani, na ghafla anagundua kwamba kitu hiki kina mama. Yeye, mtoto wa ule uchochoro walimouawa wazazi wake, sasa ndiye anayeshika silaha juu ya mtoto wa Martha. Hilo ni wazo la mwandishi anayejua kazi yake. Lilichokosa ni kupandwa mapema. Limeletwa sokoni siku ile ile lilipochimbwa.

Mwezi Mei mwaka huo huo wapinzani wao wa Marvel walitoa "Captain America: Civil War", nayo ni mashujaa kwa mashujaa. Ipimeni kwa kipimo changu. Tony Stark, yaani Iron Man, anaoneshwa mkanda wa mwaka 1991: Bucky, rafiki wa Steve Rogers, yaani Captain America, akiwaua wazazi wa Tony. Anamgeukia Steve na kumuuliza kama alijua. Steve alijua. Semeni sentensi yoyote mnayotaka hapo, hakuna inayozima moto ule. Huko pia kuna mama aliyekufa, angalieni. Tofauti ni kwamba huko siri inafichuka na ugomvi unaanza. Huku kwetu siri inafichuka na ugomvi unakwisha.

Basi ningefanyaje? Ningemrudishia Batman kazi yake ya asili. Jarida alilozaliwa ndani yake mwaka 1939 liliitwa Detective Comics. Ni mpelelezi! Katika filamu hii ana miezi kumi na minane, ana mitambo, ana hasira, na hajawahi kujiuliza Superman hulala wapi. Na dalili zipo wazi. Katika filamu ya 2013 Zod na watu wake walishuka kwenye shamba moja huko Smallville, Kansas, na kuirushia nyumba ya mjane gari zima. Katika sayari yote hii, kwa nini nyumba ile? Lois Lane, mwandishi wa habari tu, alifuata nyayo mpaka akafika shambani hapo. Hata Luthor amegundua. Ila mpelelezi mkuu kuliko wote duniani hana habari.

Kwa hiyo katika filamu yangu, kama dakika ya hamsini, gari la kawaida linasimama mbele ya nyumba ya akina Kent, waliomlea Superman. Bruce Wayne anashuka, bila vinyago, amevaa kama mtu wa bima aliyekuja kuhusu uharibifu wa nyumba. Martha Kent, anayeigizwa na Diane Lane, anamfungulia. Anamkaribisha jikoni, anampa glasi ya maji. Ukutani kuna picha ya mvulana mwenye meno yaliyotoka. Bruce anauliza maswali yake ya uongo, anatoa fomu, anamuuliza mama jina lake kamili kwa ajili ya kumbukumbu. Mama analitaja. Kalamu inasimama. Hakuna muziki. Mama anamuuliza kama yuko salama, maana amebadilika rangi, na anamwongezea maji.

Bruce anatoka, anakaa ndani ya gari muda mrefu. Alfred, mtumishi wake, anamuuliza kwenye simu amegundua nini. Anajibu kwamba hakuna kitu. Anarudi Gotham na kuendelea kuunoa mkuki.

Hapo ndipo Batman anapotisha. Si kwa sababu ya misuli ya Ben Affleck anayemwigiza wala ile sauti ya mtambo, bali kwa sababu sasa anajua, na bado anakwenda. Amemwangalia mama wa mtu usoni, akanywa maji yake, kisha akaamua kwamba hatari ni kubwa kuliko mama huyo. Anajua anaweza kuwa amekosea, na ameamua kulifumbia macho hilo. Hiyo ni dhambi anayoichagua akiwa na akili zake, na mtazamaji anaingia kwenye pambano akimwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja.

Upande wa Clark Kent, yaani Superman mwenyewe, mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu yalishapigwa picha yakakatwa. Toleo refu lililotoka katikati ya 2016 lina dakika 182, na ndani ya hiyo nusu saa ya ziada tunamwona Clark akifanya kazi ya uandishi: anakwenda Gotham, anazungumza na watu, anagundua kwamba wale ambao Batman huwachoma nembo ya popo mwilini huuawa wakifika gerezani. Hiyo ndiyo hoja yake! Waliikata. Walikata pia maelezo ya jinsi shahidi wa kijiji kimoja cha Afrika, ambako Superman anasingiziwa mauaji, alivyotishwa aseme uongo. (Kijiji kinaitwa Nairomi, na kiko jangwani. Ninapita tu.) Kisha wakatuachia video za Flash, Aquaman na Cyborg, ambazo Wonder Woman anazifungua kwenye kompyuta pale pale pambano linapokaribia, kama mtu anayesoma barua pepe za ofisini nyumba ikiungua. Hayo ni matangazo ya filamu zijazo. Yaondolewe yote.

Na Doomsday, lile dude la mwisho wanalopigana nalo, aondoke. Trela ya Desemba 2015 ilishamwonesha, ikiwaonesha wawili wetu bega kwa bega dhidi yake, kwa hiyo kila aliyenunua tiketi alijua watapatana. Tena, kifo cha Superman mikononi mwake kwenye katuni kilikuja mwaka 1992, baada ya wasomaji kuishi naye tangu 1938. Hapa anauawa katika filamu yake ya pili, hatujamzoea hata tabasamu lake. Wonder Woman ningembakiza, kwa ule mpigo wa selo ukumbi mzima ulipolipuka kwa makofi. Lakini apewe kazi nyingine, niulizeni baadaye.

Turudi kwenye mkuki. Superman yuko chini. Safari hii anasema kama mtoto yeyote angesema: mama yangu. Bruce hahitaji Lois aje kumfasiria. Anajua jiko lile. Anajua glasi ile. Mkono wake unaanza kutetemeka, nasi tunajua kwa nini, kwa sababu tulikuwepo.

Kisha lile tukio la ghalani, Batman anapokwenda kumwokoa Martha, ambalo nisingegusa hata pigo moja. Ni mapigano bora ya Batman niliyowahi kuyaona. Anawaangusha walinzi wote na kumfikia mama aliyefungwa. Kwenye filamu anamwambia yeye ni rafiki wa mwanawe, na mama anajibu kwamba alishahisi, kwa sababu ya joho. Watu walicheka vizuri pale. Mimi ningemwacha Martha anyamaze kidogo kwanza. Chini ya kinyago kinachoonekana ni mdomo tu na kidevu. Anautazama mdomo ule, anakunja uso, kisha anamuuliza kama zile karatasi za bima zilikuwa za kweli.