Mkono Unafanya Nini? Mhadhara Kuhusu Mitindo ya Kuchua na Kukanda Mwili

Walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Orodha ya bei inayobandikwa mlangoni mwa sehemu za masaji huwa na masaji ya Kiswidi, ya Kithai, shiatsu, ya mawe ya moto, na kila jina lina bei yake. Mteja hulichagua jina kama anayeagiza chakula hotelini, naye aghalabu hajui mkono utakaomshika utafanya nini. Jioni hii naomba tuyaweke majina kando, tuutazame mkono.

Nianze na masaji ya Kiswidi, ambayo vyuo vingi huifundisha kwanza. Husemwa kuwa mwanzilishi wake ni Per Henrik Ling, aliyefungua taasisi ya mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813. Ling, hata hivyo, alikuwa hasa mtu wa mazoezi. Anayetajwa kuzipanga mbinu za mkono katika makundi tunayoyatumia hadi leo, tena kwa majina ya Kifaransa, ni daktari Mholanzi wa karne ya 19, Johann Georg Mezger. Wanafunzi wangu huyakariri majina hayo kwa taabu, ilhali vitenzi vyake wamekua navyo nyumbani. Kupitisha kiganja kizima chenye mafuta kutoka kifundo cha mguu hadi pajani, kwa mkandamizo usiokatika, ni kuchua, na ndiyo maana dawa ya kupaka misuli tunaiita dawa ya kuchua. Kuinua nyama ya bega kati ya kidole gumba na vidole vinne, kuibana, kuiachia na kuipokeza kwa mkono wa pili ni kukanda, kitenzi kilekile cha unga wa chapati. Na aliyewahi kukanda unga anajua kwamba nguvu haimo vidoleni, imo katika uzito wa mwili unaoegemea mikono. Anayetegemea vidole pekee atakuwa hoi kabla ya mteja wa tatu, na baada ya miaka michache gumba lake ndilo litakalotafuta mganga. Kusugua na kupigapiga nitawaonyesha baadaye, hazina ugumu.

Shiatsu ni kitu kingine kabisa. Neno lenyewe lina maana ya mkandamizo wa vidole, na aliyeieneza, Tokujiro Namikoshi, alifungua chuo chake nchini Japani mwaka 1940. Mteja hulala sakafuni juu ya godoro jembamba akiwa na nguo zake, hapakwi mafuta, na gumba hushuka wima, hutulia sekunde chache, kisha huondoka bila kuteleza. Kabla yake Wajapani walikuwa na anma, mtindo wao wa zamani wa kukanda mwili, ambao kwa karne nyingi ulikuwa kazi ya vipofu, jambo ninalopenda kumkumbusha mwanafunzi anayekodolea macho mgongo wa mteja.

Wathai nao hutumia viwiko, magoti na nyayo, wakimvuta mteja na kumkunja. Sanaa hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019, na katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok yapo maandishi ya mafunzo yake yaliyochongwa maweni enzi za Mfalme Rama wa Tatu. Ni mtindo mzuri, ila bibi mwenye mifupa dhaifu asikunjwe hivyo.

Wateja wetu wengi huamini kwamba asiyeumia hajatibiwa. Mtindo uliobuniwa na Emil na Estrid Vodder wa Denmark katika miaka ya 1930 unawapinga waziwazi: kwa kusudi la kusukuma limfu, yaani majimaji yanayopita mwilini katika mishipa yake yenyewe, mkono huvuta ngozi taratibu tu, kwa wepesi ambao mteja mgeni hudhani kazi haijaanza.

Kwetu pwani bibi harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili, kwa mchanganyiko wa manukato uitwao singo, na mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hukandwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Hapo kukanda si kule kwa unga, ni kutia joto. Faraja anayoipata mzazi siidharau, lakini natofautiana na wazee wangu juu ya maji yanayochoma na tumbo linalokandamizwa, hasa la aliyejifungua kwa upasuaji.

Sasa mmoja wenu aje mbele, avue viatu, nionyeshe kuchua. Kabla sijamgusa nitamuuliza kama ana homa, ujauzito au jeraha, kisha nitayaangalia mashavu yote mawili ya miguu kwa pamoja. Ikiwa moja limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kulichua kunaweza kulisukuma donge la damu hadi mapafuni. Mtu huyo hapandi kitandani kwangu. Anakwenda hospitali leo hii.