Parafujo za Bunduki Kongwe: Kutafuta Vipimo vya Meno Yake

Wahifadhi wa makumbusho, mafundi wakerezaji, nanyi wanafunzi mlioketi nyuma, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie bunduki kongwe zilizopungukiwa vipuri. Nitabaki kwenye parafujo, maana hapo ndipo vitu vya kale huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Parafujo imepotea, fundi anachukua inayofanana nayo, inaingia mizunguko miwili mitatu, inagoma, naye anaongeza nguvu kwenye bisibisi. Meno ya tundu yaliyodumu zaidi ya miaka mia yanakwisha hapo hapo. Parafujo nyingine itatengenezwa, lakini tundu la asili halirudi.

Tuitazame bunduki ya Mauser ya mwaka 1898. Wengi husema hii ni ya Kijerumani, basi vipimo vyake ni milimita. Sivyo! Parafujo mbili zinazoshikamanisha chuma cha bunduki na mti wake zina kipenyo cha robo inchi na meno 22 kwa inchi. Mtutu nao umefungwa kwa meno 12 kwa inchi, kipenyo inchi 1.1, na pembe ya jino ni digrii 55. Pembe hiyo ni ya Mwingereza, Joseph Whitworth, aliyependekeza kanuni ya meno ya parafujo. Ujerumani ilianza kutumia mita kisheria mwaka 1872, lakini viwanda viliendelea kukata meno kwa inchi. Kanuni ya kimataifa ya meno ya milimita ilikubaliwa Zürich mwaka 1898, mwaka uleule jeshi la Ujerumani lilipoipokea bunduki hii.

Sasa hesabu. Robo inchi ya Whitworth inayouzwa dukani ina meno 20 kwa inchi, yaani milimita 1.27 toka jino hadi jino. Ile ya Mauser ni milimita 1.15 na ushei. Ukizungusha mara tano, tofauti imefika karibu milimita 0.6, ambayo ni nusu jino. Ndiyo sababu mwanzo inakubali kisha inagoma. Inapogoma, simamisheni mkono.

Lakini hakikisheni kwanza ni Mauser ipi. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti yenye moshi. Msiipe vipimo vya 1898 kwa kuwa tu jina ni lilelile.

Kwa Waingereza mambo ni magumu zaidi. Whitworth alikusanya bolti za karakana mbalimbali, akatafuta wastani, akatoa pendekezo lake mwaka 1841. Kabla yake kila karakana ilikuwa na meno yake, na hata baada yake wengi hawakubadilika. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 iliyotoka kiwanda cha serikali, kilicholeta mashine kutoka Marekani, vipuri vyake vinabadilishana. Nyingi zilizoundwa kwa mkono Birmingham hazibadilishani, ingawa kwa macho ni mapacha. Kwa hiyo someni mihuri kwenye chuma kabla ya kushika kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo.

Kuna mtego mmoja ninaouogopa kuliko yote. Meno ya BA, yaani ya British Association, chama cha wanasayansi wa Uingereza, yaliwekwa kanuni mwaka 1884. Namba 0 ya BA ina kipenyo cha milimita 6 na milimita 1 toka jino hadi jino, sawasawa na M6 ya leo, parafujo ya kawaida ya milimita 6. Kalipa haitawaonyesha tofauti! Tofauti iko kwenye pembe: BA ni digrii 47.5, M6 ni digrii 60. Kwa hiyo pimeni kipenyo, pimeni umbali wa meno kwa kuchukua meno kumi kwa pamoja na kugawanya, kisha wekeni geji ya pembe mbele ya mwanga, chini ya kioo cha kukuzia. Pasipo mwanga kupenya kati ya geji na jino, ndipo mmeipata.

Tapu, yaani kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu, ya robo inchi yenye meno 22 si ya kuokota dukani, kwa hiyo mtaikereza parafujo. Mashine ya kukereza ya milimita inahitaji gia ya meno 127 ili ikate meno ya inchi, kwa kuwa inchi ni milimita 25.4 kamili, na 127 ni mara tano yake. Kerezeni parafujo iwe nyembamba kidogo kuliko tundu, msipitishe tapu yoyote ndani ya tundu la zamani, na chini ya kichwa cha parafujo mpya gongeni mwaka mlioitengeneza, ili mtafiti ajaye asidhani ni ya asili.